Pumu: Kinga huanza mgonjwa akiwa na nafuu

MSIMU wa baridi unapoingia katika maeneo ya juu ya nchi kati ya Juni na Agosti, usiku huwa mrefu kwa watu wanaougua pumu. Mgonjwa huamka saa tisa au saa kumi za usiku akikohoa, kifua kimembana na pumzi ikitoka kwa mlio mwembamba kama wa filimbi. Hupapasa chini ya mto akitafuta kikopo cha dawa ya kuvuta, ambacho wengi hukiita inhela, akavuta mara mbili au tatu, akatulia na kurudi kulala. Asubuhi huenda kazini kana kwamba hakuna lililotokea.

Mazoea hayo, ambayo wagonjwa wengi wameishi nayo kwa miaka, ndiyo wataalamu wa magonjwa ya mapafu huonya kuwa ni ya hatari. Nafuu inayopatikana kwa dakika chache humfanya mgonjwa aamini kwamba ametibiwa, ilhali kilichosababisha kubanwa kwake kingali mle mle kifuani, kikingoja usiku mwingine.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, pumu iliwaathiri watu wanaokadiriwa kuwa milioni 262 ulimwenguni mwaka wa 2019, na kusababisha vifo vya watu 455,000. Wengi wa wanaofariki hutoka katika mataifa yenye mapato ya chini na ya wastani, ambako ugonjwa huu aghalabu hautambuliwi mapema wala kutibiwa ipasavyo. Vingi vya vifo hivyo vingeweza kuzuiwa, kwa kuwa dawa za kuidhibiti pumu zimekuwapo kwa zaidi ya nusu karne.

Kinachotokea kifuani

Pumu ni ugonjwa sugu wa mirija inayopitisha hewa kuelekea mapafuni. Mirija ya mtu mwenye pumu huwa nyepesi kukasirika. Inapokutana na moshi, vumbi, baridi au kitu kingine isichokistahimili, mambo matatu hutokea. Kwanza, misuli inayoizunguka hukaza na kuibana. Pili, utando wake wa ndani huvimba. Tatu, hutoa makohozi mazito yanayoziba nafasi ndogo iliyosalia.

Mgonjwa hupata taabu hasa ya kuitoa hewa nje, na ndiyo sababu ya mlio ule wa filimbi. Dalili nyingine ni kikohozi kinachozidi usiku au alfajiri, kifua kubana, na kukosa pumzi baada ya kazi kidogo. Dalili hizi huja na kuondoka. Kuna siku mgonjwa huwa hana tatizo lolote, na hapo ndipo wengi hujidanganya kuwa wamepona.

Ukweli ni kwamba uvimbe wa ndani ya mirija unaweza kuendelea hata mgonjwa anapohisi yu mzima. Uvimbe huo ndio chanzo cha taabu yote, na ndio unaofanya mkupuo mdogo wa vumbi umwangushe mtu mmoja huku jirani yake akipiga chafya tu na kuendelea na safari.

Pumu haiambukizwi. Mara nyingi huonekana katika familia moja, hasa zile zenye watu wanaosumbuliwa na mzio, ukurutu wa ngozi au mafua yasiyoisha. Hata hivyo, si kila kikohozi cha muda mrefu ni pumu. Mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa kifua kikuu, na daktari ndiye wa kubainisha ugonjwa, ikiwezekana kwa kutumia kifaa cha kupima nguvu ya pumzi.

Dawa mbili, kazi mbili

Jambo la kwanza ambalo kila mgonjwa anapaswa kulielewa ni kwamba kuna dawa ya kutuliza na dawa ya kukinga. Mojawapo haiwezi kufanya kazi ya nyingine.

Dawa ya kutuliza inayojulikana zaidi ni salbutamol, ambayo kwa kawaida huwa katika kikopo cha rangi ya samawati. Hulegeza misuli iliyokaza na mirija ikapanuka kwa muda wa dakika chache. Nguvu yake hudumu kwa saa nne hadi sita. Haipunguzi uvimbe wa ndani hata kidogo.

Dawa ya kukinga ni steroidi ya kuvuta, kama vile beclometasone au budesonide. Hii ndiyo hupunguza uvimbe wenyewe. Haimpi mgonjwa nafuu ya papo hapo. Huhitaji siku kadhaa, na pengine majuma, kabla ya matokeo yake kuonekana. Kwa sababu hiyo, wengi huitumia kwa siku tatu, wakasema haifanyi kazi, kisha wakaiacha.

Bei nayo huchangia tatizo. Katika maduka mengi ya dawa, kikopo cha dawa ya kukinga huwa ghali kuliko kile cha kutuliza. Mgonjwa mwenye pesa chache hununua kile kinachompa nafuu usiku ule ule, na kuacha kile ambacho kingemwepushia usiku wenyewe. Wengine hununua tembe za salbutamol kwa kuwa ni rahisi zaidi. Mvuto mmoja wa dawa hii huwa na mikrogramu 100, ilhali tembe moja ya miligramu 4 ni sawa na mivuto 40. Dawa yote hiyo hupitia tumboni na kuenea mwilini kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana tembe huchelewa kufanya kazi, na humwacha mgonjwa akitetemeka mikono na moyo ukimdunda.

Mwaka wa 2019, jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa matibabu ya pumu, GINA, lilibadilisha ushauri uliokuwa umefuatwa kwa miongo mingi. Halikupendekeza tena watu wazima na vijana waliobaleghe watibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake, hata kama pumu yao ni hafifu. Kila mgonjwa wa umri huo anafaa kupata steroidi ya kuvuta, ama kila siku au ikiwa imechanganywa na dawa ya kutuliza katika kikopo kimoja, kama vile mchanganyiko wa budesonide na formoterol. Mchanganyiko huu unaweza kutumiwa wakati wa kubanwa, hivyo kila mgonjwa anapotafuta nafuu hupata na kinga.

Manufaa ya kinga yamethibitishwa na taifa zima. Ufini ilitekeleza mpango wa kitaifa wa miaka 10 kuanzia 1994 hadi 2004, ambapo wauguzi, madaktari na wauza dawa walifunzwa kuitambua pumu mapema na kuanzisha dawa ya kukinga bila kukawia. Kufikia mwisho wa mpango huo, siku ambazo wagonjwa wa pumu walikuwa wakilazwa hospitalini zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu.

Hofu zisizo na msingi

Kuna imani kwamba inhela ni hatua ya mwisho, kwamba hukausha mapafu, au kwamba anayeianza hataweza kuiacha kamwe. Imani hizi huwafanya wazazi wawanyime watoto dawa na vijana wajifiche chooni wanapotaka kuvuta.

Ukweli ni kinyume. Kuvuta ndiyo njia inayopeleka dawa kidogo kabisa moja kwa moja mahali panapougua. Kikopo cha aina hii kilianza kuuzwa mwaka wa 1956, baada ya msichana wa miaka 13 mwenye pumu nchini Marekani kumuuliza babake, George Maison, aliyeiongoza kampuni ya dawa ya Riker, kwa nini dawa yake isipulizwe kutoka kwa mkebe kama marashi. Kabla ya hapo, wagonjwa walitumia vioo vya kupulizia ambavyo vilivunjika ovyo na visivyotoa kipimo sawa.

Steroidi ya kuvuta haileti uraibu. Mgonjwa anayeihitaji kwa muda mrefu huihitaji kwa sababu ugonjwa ni wa muda mrefu, kama vile mwenye kisukari anavyohitaji dawa zake. Madhara yake ya kawaida ni sauti kukwaruza na utando mweupe mdomoni, nayo huepukika kwa kusukutua kwa maji na kuyatema kila baada ya kuvuta. Mama mjamzito pia anashauriwa kuendelea na dawa zake chini ya uangalizi wa kliniki, kwani kubanwa pumzi kwa mama humnyima hewa mtoto aliye tumboni.

Kuvuta dawa ipasavyo

Wagonjwa wengi wana dawa nzuri lakini huishia kwenye ulimi na kooni. Namna ya kuvuta ni hii: kikopo hutikiswa, mgonjwa hutoa pumzi yote, kisha hukaza midomo kuzunguka mdomo wa kifaa. Huanza kuvuta hewa polepole, na papo hapo hubonyeza mara moja huku akiendelea kuvuta hadi kifua kijae. Hubana pumzi kwa takriban sekunde 10, halafu husubiri kiasi cha nusu dakika kabla ya mvuto wa pili. Vifaa vya dawa ya unga huvutwa kwa nguvu na kwa kasi, na mgonjwa anafaa aonyeshwe na mhudumu wa afya namna ya kukitumia hasa kile alichopewa.

Watoto, wazee na mtu yeyote aliyebanwa sana huhitaji spesa, yaani chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya kikopo na mdomo. Dawa hupulizwa ndani ya chombo hicho, mgonjwa akaivuta taratibu kwa pumzi tano au sita. Mtoto mchanga huvalishwa kibarakoa kilichounganishwa nacho.

Asiyeweza kununua spesa ana njia mbadala. Utafiti uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500 ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa husafishwa, kitako chake hutobolewa kwa waya uliopashwa moto na kupindwa kwa umbo la mdomo wa inhela, kisha kikopo huchomekwa humo na kuzibwa kwa gundi ili hewa isivuje. Mgonjwa huvutia kwenye mdomo wa chupa. Ni vyema kuiosha kwanza kwa sabuni ya vyombo na kuiacha ikauke yenyewe bila kuipangusa, ili dawa isinate kwenye plastiki.

Kujua kinachomchokoza

Vichochezi vya pumu havifanani kwa watu wote. Mgonjwa anashauriwa kuweka daftari dogo na kuandika siku aliyobanwa, mahali alipokuwa, alichofanya na hali ya hewa. Baada ya miezi michache huanza kuona mkondo.

Nyumbani, moshi ndio adui mkubwa. Kuni, makaa, taa ya koroboi na dawa ya mbu ya kuchoma zote huudhi mirija ya hewa. Familia isiyo na uwezo wa kubadilisha jiko inaweza kupikia nje au kufungua dirisha na mlango, na kumweka mtoto mwenye pumu mbali na jikoni badala ya kumbeba mgongoni wakati wa mapishi. Katika miji ya pwani, ambako kufukiza udi na ubani ni sehemu ya maisha, mgonjwa akae chumba kingine hadi moshi utulie. Sigara isivutwe ndani ya nyumba kabisa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007 inapiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma, lakini hakuna askari wa kumlinda mtoto sebuleni.

Vumbi nalo halikosekani, hasa kati ya Januari na Machi kabla ya mvua ndefu. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, au inyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa, na kazi hiyo ifanywe na mtu asiye mgonjwa. Shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, na blanketi na godoro vianikwe juani, kwa kuwa humo huishi wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho ambao kinyesi chao huchochea mzio. Mende, ukungu wa kutani na manyoya ya paka au mbwa ni vichochezi vingine.

Mafua ndiyo huanzisha mashambulizi mengi, hasa kwa watoto, hivyo kunawa mikono na chanjo ya homa ya mafua inapopatikana ni sehemu ya kinga. Aidha, baadhi ya wagonjwa hubanwa wanapomeza aspirini, ibuprofen au dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, na hata za matone za ugonjwa wa macho wa glakoma, zinaweza kuleta balaa. Mgonjwa amtajie pumu yake kila anayempa dawa, akiwemo mwenye duka.

Michezo na shule

Mazoezi yanaweza kuichokoza pumu, lakini si sababu ya kumkalisha mtoto kando ya uwanja. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1998 uliwapima zaidi ya watoto 1,200 wa shule jijini Nairobi na mashambani Murang'a baada ya kukimbia. Mirija ilibana kwa asilimia 22.9 ya watoto wa Nairobi, na asilimia 13.2 ya wale wa Murang'a. Maana yake ni kwamba katika darasa lolote la mjini, huenda wako kadhaa wanaoitwa wavivu ilhali wanabanwa.

Pumu ikidhibitiwa, mtu hukimbia. Paula Radcliffe wa Uingereza, ambaye ana pumu tangu utotoni, aliweka rekodi ya dunia ya marathon ya wanawake ya saa 2:15:25 mjini London mwaka wa 2003, rekodi iliyodumu hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago mwaka wa 2019 kwa saa 2:14:04. Haile Gebrselassie wa Ethiopia, ambaye pia ana pumu, alijiondoa katika marathon ya Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008 akihofia uchafu wa hewa. Mwezi uliofuata aliweka rekodi ya dunia ya saa 2:03:59 jijini Berlin. Alijua kichochezi chake, akakiepuka, na hakuacha kukimbia.

Shuleni, hasa zile za bweni, hatari kubwa ni dawa kufungiwa kabatini pamoja na za wanafunzi wengine huku mwenye ufunguo akiwa hayupo. Mwanafunzi aliyefikia umri wa kujitunza anafaa kubeba dawa yake mfukoni na kulala nayo karibu. Mzazi naye ahakikishe kuwa mwalimu wa darasa, matroni na kiongozi wa bweni wanajua afanyiwe nini akibanwa.

Maswali manne ya kujipima

Kujua kama pumu imedhibitiwa hakuhitaji mitambo. Mgonjwa hujiuliza mambo manne kuhusu wiki nne zilizopita: Je, amepata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, ameamka usiku kwa sababu ya pumu? Je, ametumia dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, pumu imemzuia kufanya jambo lolote?

Asiye na jibu la ndiyo hata moja amefaulu. Moja au mawili yaonyesha udhibiti ni nusu, na matatu au manne yaonyesha haupo, hivyo amwone daktari kabla ya kubanwa tena. Idadi ya vikopo nayo husema. Kikopo kimoja cha salbutamol kwa kawaida hutoa mivuto 200. Anayemaliza vitatu au zaidi kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na anayemaliza kimoja kila mwezi amekaribia ukingo.

Shambulio linapotokea

Mgonjwa aketishwe wima, asilazwe chali, na nguo zinazombana zilegezwe. Watu wasimzingire. Apewe mivuto minne ya salbutamol, mmoja baada ya mwingine, kupitia spesa au chupa. Baada ya dakika nne, kama hakuna nafuu, apewe mingine minne na safari ya hospitalini ianze mara moja, huku dawa ikiendelea kutolewa hivyo njiani. Anayetumia mchanganyiko wa dawa afuate kipimo alichoandikiwa na daktari wake.

Zipo ishara zisizongoja kipimo chochote: mgonjwa kushindwa kumaliza sentensi, ngozi kuingia katikati ya mbavu anapovuta pumzi, midomo kugeuka rangi kuwa ya samawati au kijivu, na kusinzia au kuchanganyikiwa. Ishara inayowadanganya wengi ni mlio wa filimbi kunyamaza ilhali mgonjwa anazidi kuchoka. Kimya hicho si nafuu. Ni kwamba hewa haipiti tena.

Aliyetoka hospitalini baada ya kubanwa asione kuwa mambo yamekwisha. Amalize dawa alizopewa, arejee kliniki baada ya siku chache, na aulize swali moja kabla ya kuondoka: dawa yangu ya kukinga ni ipi?

Siku ya Pumu Duniani, ambayo ilianza mwaka wa 1998, huadhimishwa kila Jumanne ya kwanza ya Mei, majuma machache kabla ya baridi kutanda nchini. Huo ni wakati mwafaka wa mgonjwa kuhesabu vikopo vyake na kukagua tarehe za mwisho wa matumizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika pumu, ufa huzibwa kwa mivuto michache ya asubuhi na jioni, siku ambayo kifua hakidai chochote.